Mahali Mama Aliposhusha Mzigo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, jueni niliacha shule darasa la tatu, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa. Ninachokumbuka vizuri ni harufu ya kuni mbichi za msitu wa Mlima Kenya, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka magotini. Nilikuwa na miaka minane. Kila Jumamosi nilienda kutafuta kuni na mama yangu, Wangeci. Yeye alibeba mzigo mkubwa mgongoni, ukanda ukimkata paji la uso, nami nikamfuata na kamzigo kangu. Mama alikuwa mja mzito. Katikati ya kilima cha kuelekea kwetu palikuwa na jiwe pana ambapo wanawake walipumzika, wakawasema waume zao na kucheka. "Wangeci, punguza mzigo," mmoja alimwambia, "ama unataka huyo mtoto azaliwe ameshika shoka?" Mama alicheka kuliko wote.

Jumamosi moja tulibaki nyuma ya wenzetu. Mama akashusha mzigo kwenye jiwe, akakaa, akashika kiuno. "Tangulia," akaniambia. "Nakuja." Nilikuwa mtoto wa kutii, nikatangulia. Sikukimbia wala sikuita mtu, kwa maana hakuniambia niite. Nilifika nyumbani, nikawasha moto, nikangoja. Wanawake walipopanda kumtafuta walimkuta yeye na mtoto wamekwisha kupoa. Tangu hapo, kila mwanamke aliyepumzika pale alichomoa ukuni mmoja mzigoni mwake, akaja kuuweka mlangoni petu. "Huu umetoka kwa Wangeci," alisema, akaenda zake. Nilipikia kuni hizo mpaka nikaolewa, na mahali pale pakaitwa Kwa Wangeci, hata na watu ambao hawakumjua.

Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya bwana. Wa pili ndiye huchukua jina la mama yako. Mimi Mungu alinipa binti mmoja na wavulana wanne. Sikulalamika, lakini jina la mama halikupata mtoto wa kulibeba. Lilibaki pale kwenye jiwe peke yake.

Mwaka jana lami ilifika. Jiwe likapasuliwa, likawa kokoto, na kamati ya barabara ikasimamisha kibao chenye jina jipya: Baraka. Nilienda kwa mwenyekiti, kijana wa juzi tu.

"Cucu, Kwa Wangeci haiko kwa ramani," akasema, akiniita bibi kwa Kikuyu.

"Na wewe ulikuwa kwa ramani ulipozaliwa?"

Wote walicheka, akaniletea chai, nikainywa. Kibao hakikutoka. Siku hizi hata wajukuu wangu wakipanda boda boda wanasema, "Nishushe Baraka." Zamani wanawake wenye migongo iliyochoka walilinda jina la mama bila kalamu. Mimi nina watoto waliosoma mpaka chuo, na sikuweza kuliokoa. Nimekaa kama siku ile, nimewasha moto, nangoja.

Basi nikawaita watu wa nyumba yangu wote, nikawaambia hivi: "Yeyote anayepita pale, awe na mtungi wa gesi ama mkoba wa shule, atateremka, ataweka mzigo chini, atasema Kwa Wangeci kwa sauti ya kusikika, ndipo aubebe tena. Na asiyefanya hivyo, asikanyage jikoni kwangu."