Mawe ya Njia ya Kilimani

Mke wangu alipofariki, niliacha kupita njia ya kilimani. Nilikuwa fundi baiskeli pale senta, kwenye kibaraza cha duka, na nyumbani kwangu kulikuwa upande wa pili wa kilima. Aliyekata kilimani kwa miguu aliniacha mbali. Mimi nilizunguka kwa barabara ya magari, nikila vumbi la malori yaendayo Geita. Watu waliponiuliza kwa nini, nilisema baiskeli haipandi mawe. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu.

Sababu ni hii. Msimu wa mvua mke wangu alishikwa na homa kali. Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, majirani wakakibeba begani, tukapanda kilima kumpeleka zahanati ya senta. Karibu na kilele tulikuta mvua imekata njia. Palikuwa na korongo jipya, na kingo zake zilikuwa bado zinameguka. Tukakitua kitanda. Wenzangu wakashuka kutafuta miti ya kuvukia, nami nikabaki naye, nikimkinga kwa koti langu. Waliporudi na miti, alikuwa ameshakata roho.

Sisemi kwamba korongo ndilo lililomuua. Alikuwa mgonjwa sana, na hakuna daktari aliyewahi kumwona, kwa hiyo hakuna ajuaye. Ninachosema ni kwamba alifia pale, sisi tukiwa tumesimama.

Kabla ya kukigeuza kitanda kumrudisha nyumbani, niliokota jiwe nikaliweka mahali kitanda kilipokuwa. Wenzangu nao wakaweka. Kijijini kwetu ndivyo tulivyofanya mahali kama hapo, na mpita njia akikuta mawe ya namna hiyo huongeza lake, hata kama marehemu hamjui. Tulimzika nyumbani, karibu na ua wa minyaa. Kaburi lake lipo na nililitunza. Lakini habari za lile lundo la kilimani zilinifuata. Jirani aliyekuwa akipita kule kwenda mnadani aliniambia, "Shemeji, mawe ya dada yamefika magotini." Baada ya mavuno akaniambia, "Sasa yanaelekea kiunoni. Hata wachimbaji wa dhahabu wanaweka." Nilifurahi kusikia. Kwenda kuona, sikuweza.

Mwenye duka lile ambalo kibarazani kwake nilifanyia kazi alikuwa Mhindi mtu mzima. Baba yake alikuja zamani kwa biashara ya pamba, yeye akazaliwa hapa, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wetu wa senta. Mwaka ule daktari wa Mwanza alimwambia ana ugonjwa wa sukari, atembee kila anapopata nafasi. Basi Jumamosi asubuhi akavaa raba nyeupe, akashika fimbo, akaanza kupanda kilima.

Senta nzima ilisimama kumtazama. Mtu mwenye gari anakwenda wapi kwa miguu?

"Unakwenda wapi, mzee?" walimuuliza.

"Juu."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nafika, napumua, narudi."

Hapo ndipo waliposadiki kwamba kuna kitu. Miaka ile ya tisini, ilitosha mtu mmoja kuokota jiwe linalong'aa, na baada ya wiki pori zima lilikuwa limegeuka mashimo. Watu walihama na sufuria zao, leo Mwakitolyo, kesho kwingine. Mwenye duka anayepanda kilima bila mzigo hawezi kuwa anapanda bure.

Wa kwanza kumfuata alikuwa mchimbaji mmoja kijana, mgeni sehemu hizi, aliyekuwa na kovu refu shavuni. Alimnyemelea Jumamosi kadhaa, akijibanza vichakani, mpaka yule mzee akachoka akageuka.

"Wewe! Toka humo, utaumwa na nyoka. Kama unanifuata, njoo karibu tuongee. Mimi peke yangu nachoka kunyamaza."

Mchimbaji akatoka, majani kichwani, akasema, "Shikamoo mzee. Nilikuwa natafuta mbuzi."

"Marahaba. Mbuzi wako anapenda sana Jumamosi."

Kisa hicho mzee alikisimulia dukani mpaka wateja wakakijua kwa moyo. Baada ya mchimbaji walikuja wengine, kila mmoja na mbuzi wake. Alikuja pia mama aliyeuza maandazi stendi. Yeye hakutafuta dhahabu. Alisema tangu watoto wake waolewe, Jumamosi ilikuwa ndefu mno. Watu wakatuita Chama cha Wapanda Bure. Nasema wakatuita, kwa sababu mwishowe na mimi niliingia.

Niliingia siku mzee alipoteleza akaumia goti. Alirudi akichechemea, akakaa kibarazani karibu na mimi, nikiwa naziba pancha.

"Fundi," alisema, "njia ile imekufa. Majani yamefika kifuani na mvua imeichimba kama jino bovu. Tunapanda kila wiki, tunalalamika, tunashuka. Kwa nini tusiitengeneze?"

"Ni ya serikali," nilimjibu.

"Serikali haijaanguka pale. Nimeanguka mimi."

Alitoa nyengo za kufyekea, sururu na mtaimbo kutoka dukani. Jumamosi iliyofuata nilimweka kijana mmoja kibarazani ashike kazi yangu, nikaenda nao. Sikuwaambia habari za mke wangu. Mzee na mama wa maandazi walijua nimefiwa, walikuja msibani, ila walijua alifia njiani tu. Njia ni ndefu. Hesabu yangu ilikuwa hii: tukisafisha kidogo kidogo kutoka chini, siku moja tutafika juu, na siku hiyo nitakuwa na watu pembeni yangu. Peke yangu nisingefika.

Waliotegemea malipo waliacha mapema. Waliotegemea dhahabu walikaa zaidi, na baadhi yao wakasahau walichokuja kutafuta. Tulijipanga mstari kama watu wanaopalilia shamba la pamba. Mama wa maandazi aliimba, sisi tukaitikia, na nyengo zikashuka pamoja. Mzee hakuweza kuinama kwa sababu ya goti, kwa hiyo alitangulia na fimbo akituonyesha wapi maji yanapita. Mchimbaji alijua mawe. Alitufundisha kulikalisha jiwe tumbo chini, sehemu kubwa ndani ya udongo, na kupanga mstari wa kukingama njia ili maji yatoke pembeni yasichimbe katikati.

"Kule chini ya ardhi," alisema, "jiwe lililokaa vibaya linakuua. Hapa juu linakuvunja kidole tu. Raha sana."

"Basi wewe hapa upo likizo," mama alimwambia.

"Kabisa, mayu. Imebaki mshahara."

Wiki zilipita hivyo. Nilianza kulala vizuri. Tulikuwa tumekaribia kilele, limebaki korongo lenyewe, nami nilikuwa najiandaa, ndipo ujumbe ukaja kutoka Runzewe, alikoolewa binti yangu. Mtoto wake alikuwa mgonjwa. Nikaenda. Mtoto akapona, nikarudi katikati ya wiki, nikaendelea na baiskeli zangu. Mzee alikuwa anachekacheka.

"Jumamosi utaona," alisema. "Sikwambii kitu."

Jumamosi tulipanda. Mchimbaji alikuwa mbele, karibu anakimbia, na tulipofika kwenye korongo alisimama upande wa pili akafungua mikono kama mtu anayeuza nyumba.

"Fundi, kanyaga! Kanyaga bila woga!"

Korongo lilikuwa limejazwa. Palikuwa na ngazi pana za mawe kutoka ukingo huu hadi ule, zimekazwa vizuri, na mfereji pembeni. Ilikuwa kazi safi kuliko zote tulizofanya. Wote walinitazama wakingoja niseme neno. Mimi nilikuwa natazama ng'ambo, mahali tulipokitua kitanda. Palikuwa pamesafishwa. Lilibaki duara la udongo mweusi, na majani membamba meupe yaliyoota gizani chini ya mawe.

"Mawe mmeyapata wapi?" niliuliza.

"Bahati!" alisema mchimbaji. "Tulikuwa tunafikiria kuyabeba kutoka chini. Kufika hapa, lundo hili hapa, limepangwa tayari. Nikasema huyu ni mtu kaweka alama, kuna mwamba hapa, mwenyewe atarudi. Nikapasua moja kwa nyundo. Wapi! Jiwe tupu. Nikapasua..."

"Alitaka kuyapasua yote," mama alidakia. "Nikamwambia acha, mwenye uchu wewe, tujengee."

Walicheka. Nilijaribu kucheka nao, uso ukakataa. Mama akaliona hilo kabla ya wengine. Akaniuliza polepole, "Fundi, kuna nini?"

Nikawaambia. Sikusema mengi. Nilisema tulikitua kitanda pale, alifia pale, na mawe yale yalikuwa yake.

Mzee alivua kofia. Mama alikaa chini, mikono kichwani, akasema, "Nimeyabeba kwa mikono yangu." Mchimbaji aliokota mtaimbo, akashuka kwenye ngazi, akaanza kuchokonoa jiwe la kwanza.

"Nayarudisha," alisema bila kunitazama. "Yote. Leo leo."

Sikumzuia. Lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye watu walinisifu kwa jambo ambalo sikulifanya haraka. Nilimwacha achokonoe. Nilitaka mawe yangu. Niliwachukia wote kwa muda ule, hata wale wa kijijini kwangu, ambao walikuwa wakipita hapo wiki nzima bila kuniambia. Baadaye nilijua kwamba walidhani nimeruhusu mimi, kwa kuwa ni mwanachama.

Jiwe la kwanza lilikuwa limelegea ndipo tuliposikia mtu anakuja kutoka upande wa kijijini. Alikuwa mwanamume anayesukuma baiskeli yenye gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, jasho linamtoka. Simjui mpaka leo. Mchimbaji alisogea kumpisha. Yule mtu akasalimia, "Mwangaluka," tukaitika, akashusha gurudumu kwenye ngazi. Nilisikia rimu ikigonga mawe, jiwe baada ya jiwe, na nikasikia pia kwamba gurudumu la nyuma limelegea nati. Hakusimama. Hakujua kwamba palikuwa na mahali pa kusimama. Akavuka, akaendelea kushuka kuelekea senta.

Nilimfikiria akiwa amevuka. Nilifikiria kitanda. Kama tungezikuta ngazi hizi siku ile, tusingekitua. Labda angefia zahanati, labda njiani mbele kidogo, labda asingekufa. Sikujua, na sijui. Lakini tusingekitua.

"Acha," nilimwambia mchimbaji. "Likaze."

"Fundi..."

"Likaze kama lilivyokuwa. Umelegeza."

Alilikaza. Ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka kuinua uso. Alipomaliza alikwenda kwenye majani, akatafuta, akarudi na vipande viwili vya jiwe mojawapo alilopasua. Akanipa kwa mikono miwili. Ndani lilikuwa jeupe, na kweli hapakuwa na kitu. Nikavuka ngazi, nikaviweka vipande kwenye ule udongo mweusi, kimoja juu ya kingine. Mama akaja na jiwe. Mzee akainama na goti lake, akaweka dogo kama yai. Tulishuka bila kuimba, na chai tuliyozoea kunywa pamoja kila Jumamosi, siku ile hatukuinywa. Nilihitaji majuma kadhaa kabla sijaweza kutaniana na mchimbaji.

Hakuna aliyependekeza, lakini tangu hapo kila aliyepanda Jumamosi alibeba jiwe kutoka chini. Wengine waliweka kubwa, wengine la mkononi. Lundo likaanza kunyanyuka. Mvua zilipokuja zikala ngazi mbili za pembeni, na mchimbaji akasimama mbele yangu na karai tupu. Nilijaza karai mimi mwenyewe kutoka kwenye lundo. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mvua ikila, tunatoa pale, tukipanda, tunarudisha. Lundo hili jipya halijawahi kukaribia kiunoni. Lile la kwanza ambalo jirani alinieleza, mimi sikuliona kamwe, na bado kuna siku linaniuma.

Niliacha kuzunguka barabarani. Nilipita kilimani asubuhi na jioni, baiskeli nikiisukuma.

Miaka michache baadaye sukari ilimshinda mzee. Walimkata kidole cha mguu, kisha miguu yote ikawa haina nguvu. Raba nyeupe zilikaa mlangoni mwa duka. Jumamosi moja nilipokuwa naondoka aliniita ndani. Alinyoosha mkono kwenye kaunta, akachukua lile jiwe jeusi laini alilotumia miaka yote kukandamizia karatasi za kufungia sukari. Karatasi zikapeperuka, akazizuia kwa kiganja.

"Peleka," alisema.

"Utakandamizia nini, mzee?"

"Nitakandamizia mkono. Nina kazi gani nyingine? Peleka."

"Wabeja, mzee," nilimshukuru.

"Na usimpe yule mwenye kovu. Atalipasua."

Nililitia kwenye mfuko wa vifaa vyangu, likagongana na spana njia nzima. Nililiweka juu ya mengine. Msimu uliofuata mvua ilikula ngazi ya kati, na jiwe la mzee ndilo lililofaa kuliko yote, bapa upande mmoja. Nilisita nalo mkononi, kisha nikalikalisha, tumbo chini, nikalikaza kwa mtaimbo. Lipo kushoto ukiwa unatoka senta. Limeng'aa kwa nyayo za watu.