Neno Lililombakia Baba Panya

Baba yangu alikuwa fundi vioo kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akisema "lo" wala "jamani" kama watu wengine. Yeye alikuwa na lake. Akijikata kidole alisema, "Panya na mama wa kambo." Akisikia bei ya vioo imepanda, panya na mama wa kambo. Siku mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa, nesi alimpakata yule kichanga aliyekunjamana uso, baba akamtazama, akasema hayo hayo, na nesi alinuna mpaka mama alipokwenda kumwelewesha. Panya gani, na mama wa kambo wa nani, hatukuwahi kujua. Ukimwuliza, anakuambia ushike rula vizuri. Mtaa mzima ukamwita Baba Panya. Wateja walikuja kuulizia karakana ya Baba Panya, ingawa juu ya mlango palikuwa na kibao nilichokiandika mimi kwa rangi ya bluu, siku mbili nzima nikitokwa jasho. Hakuna hata mmoja aliyekisoma.

Mimi ndiye niliyefanya kazi naye. Kaka yangu, mkubwa wetu, aliondoka nyumbani zamani, akapata kazi ya ofisini katika mji wa mbali, na simu zake zilikuwa fupi. Mama alizoea kusema mwanawe ana shughuli nyingi.

Kiharusi kilimkuta baba asubuhi akifunga kamba za viatu. Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tatu, mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta, na kinywani limebaki neno lake lile lile tu. Daktari alisema huwa inatokea hivyo: mengine yote yanapotea, linabaki lile ambalo ulimi umelizoea. Anasikia, anaelewa, lakini akitaka maji linatoka panya na mama wa kambo, na akitaka kwenda msalani linatoka hilo hilo. Tulimwambia basi atikise kichwa. Kichwa nacho kilikuwa na mambo yake. Nilimwuliza kama yeye ni mjomba wangu, akakubali.

Jumapili moja kaka akaja. Alitaka kumchukua baba akaishi kwake, kwa sababu kule kuna hospitali ya mazoezi na nyumba yake haina ngazi. Mama akasema mume wake si kabati la kuhamishwahamishwa, atabaki hapa anapomjua kila mtu. Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha mmoja wao akakumbuka kwamba mwenyewe yupo pale kitini. Wakamwuliza. Baba akatutazama mmoja mmoja, akajibu kwa neno lake.

Mama akafurahi. Kwake jibu lilikuwa wazi, maana ndivyo baba alivyosema kila alipopakuliwa chakula kikamkolea. Kaka akashika kichwa. Yeye alilijua neno hilo kutoka siku za ripoti mbaya za shule, kwa hiyo baba amekasirika, amechoka na nyumba hii. Kila mmoja alikuwa na baba yake. Halafu wote wawili wakanigeukia.

"Wewe ndiye uliyeshinda naye karakana," mama akaniambia. "Tuambie anataka nini."

Ukweli ni kwamba karakana ndiko nilikolisikia mara mia kwa siku, kwa kila jambo, mpaka nikawa silisikii tena. Sikujua chochote. Lakini mimi nami nina kiburi changu, nikasema Jumamosi kaka akirudi na gari nitakuwa na jibu. Mdomo huponza kichwa.

Wiki hiyo nilihangaika. Nilianza na daftari, nikaandika kila alichosema na wakati aliposema. Chai yenye sukari, panya. Chai isiyo na sukari, panya. Jirani mwenye maneno mengi alipoingia, panya, na alipotoka, panya, kwa furaha zaidi nadhani, lakini siwezi kuapa. Nikachora nyumba mbili kwenye boksi, yetu na ya kaka, nikamwomba aguse moja. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kunyoosha dirisha nililolichora limepinda. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumtupia hilo boksi.

Ijumaa kulikuwa na kioo cha kabati ambacho mteja alikuwa amekifuatilia mara tatu. Nikamkokota baba hadi karakana, nikamkalisha kwenye kiti nyuma yangu. Nikalaza kioo mezani, nikapima, nikaweka rula, nikakichora kwa kile kikatio chenye gurudumu dogo. Kioo huchorwa mara moja tu. Ukirudia mstari, umekiharibu. Nikakisogeza hadi ukingo wa meza, mikono miwili juu yake, tayari kukivunja kifuate mstari. Baba akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini, "Panya na mama wa kambo."

Alisema hivyo kila mara kioo kilipofika hapo. Mimi nililichukulia kama mtu anavyokohoa kabla ya kuimba. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alinifundisha kwamba wakati huo macho hayaondoki kwenye mstari, hata nyumba ikiungua, kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumwona usoni anapolisema. Siku hiyo nikageuka.

Baba alikuwa anaogopa. Taya limekaza, mkono wa kushoto umebana kiti, macho yametoka kama ya mtoto mbele ya sindano. Huyu ndiye niliyemsifia mtaani kwamba vioo vinamwogopa yeye. Kumbe aliviogopa kila siku, na akavivunja kila siku.

Ndipo nikakumbuka Jumapili. Jibu alilotupa mbele ya chai iliyopoa alilisema kwa sauti hii hii ya chini.

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwuliza kama anaogopa kwenda kwa kaka. Akajibu kwa sauti ya chini. Nilifurahi, nikajua nimepata. Kisha, kwa kuhakikisha tu, nikamwuliza kama anaogopa kubaki na sisi hapa. Akajibu vile vile kabisa. Nikarudi mezani. Nilikivunja kile kioo, kikakatika sawa, mteja akaja akakichukua, na mimi sikuwa na jibu la kumpa mtu.

Kaka alifika Jumamosi saa nne. Aliacha gari likinguruma mlangoni, akaniuliza tumefikia wapi.

"Sijui anataka wapi," nikamwambia. "Ninachojua, akilisema kwa sauti ya chini, anaogopa. Anaogopa kwenda, na anaogopa kubaki."

Nilimweleza habari ya kioo. Nilitegemea anicheke au anikaripie. Hakufanya hata moja. Alisimama na funguo mkononi akiutazama mlango wetu.

"Siku niliyohama alisimama hapa," akasema. "Nina begi langu, nasubiri aniage. Akalisema hilo tu, kwa sauti ya chini hivyo hivyo, akaingia ndani. Mimi nikajua amenifukuza. Miaka sita sikukanyaga hapa kwa ajili hiyo."

Sikujua. Hakuna aliyejua. Akaenda kuzima gari, akaingia ndani, nami nikamfuata. Mama alikuwa ameshafunga begi la baba, kwa tahadhari tu, na anauliza kama wanaondoka au hawaondoki. Kaka akapiga magoti mbele ya kiti, na habari ya safari hakuigusia.

"Baba," akasema, "hata mimi siku ile niliogopa."