Nimepimwa Usingizi kwa Mizani ya Mahindi

Leo nimeburutwa kwenda kupimwa usingizi kwenye mizani ya mahindi.

Sisi Wanyakyusa asubuhi tunasalimiana "Ugonile", yaani, umelala? Kwa watu wengine hiyo ni salamu. Mimi nikiulizwa na shangazi yangu anayekaa kijijini Suma, ni kesi.

Amefika kwangu mtaa wa Bulyaga, hapa Tukuyu, saa nne asubuhi, akanikuta ndani ya blanketi. (Mvua inanyesha. Hata jua la Tukuyu lenyewe lilikuwa bado limelala, ila hilo halisemwi.)

"Ugonile?"

"Nimelala, shangazi."

"Ndiyo maana unanenepa. Redioni wamesema, wanaokesha na kuchelewa kuamka ndio wanaojaa mafuta. Mimi jogoo ananikuta nimeshaamka."

Asante, daktari.

Akanishika mkono mpaka dukani kwa Mzee Salum, muuza nafaka, ili mtaa mzima ushuhudie. Nikapanda mizani. Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma nyingi sana.

"Na wewe panda, mama," akasema Mzee Salum, mtu mwema kabisa.

Akapanda. Mshale ukafika pale nilipoishia mimi, ukapita, ukaendelea na safari.

Kumbe anayemtangulia jogoo anakunywa chai kwake, anakula ndizi na maharage kwa jirani, anashushia maandazi stendi, halafu anafika kwangu kuuliza jikoni kuna nini.

Nyie mnaoamka alfajiri, njooni mjitetee hapa kwenye komenti.

Shangazi akashuka, akafunga kitenge upya.

"Hii mizani imelala."

Nikaiinamia mizani taratibu.

"Ugonile?"