Dumu Safi la Mayu

Niliolewa kijiji cha Mwamapalala, Usukumani, miaka ile ya soko huria, pamba ilipoacha kuwa ya ushirika peke yake na kila mwenye lori akaja na mizani yake na dawa yake ya wadudu. Dawa ilikuja kwenye madumu mazuri, yenye mfuniko unaofunga kweli. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kutupa chombo kama hicho.

Mama mkwe wangu, niliyemwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama wote pale nyumbani, alikuwa na ugonjwa wa usafi. Sufuria niliyoisugua kwa majivu mpaka mkono ukafa ganzi aliigeuzageuza juani, kisha akanirudishia. Hakutukana. Alisema tu, "Rudia." Wanawake wenzangu wa pale mtaani walitamani vitenge, mimi nilitamani siku moja aangalie chombo nilichoosha aseme kimetakata, basi.

Bwana shamba akatangaza kwamba madumu na chupa tupu za dawa zitolewe majumbani, zikusanywe kwenye ghala la zamani la ushirika, zisubiri gari kutoka Bariadi. Kijiji kikaunda kamati ya kusimamia, na ufunguo akapewa Mayu. Nani mwingine? Aliuvaa shingoni, akaketi mlangoni kwenye kigoda, na asubuhi ya kwanza akamrudisha kila mtu.

"Mwangaluka, mayu. Nimeleta madumu."

"Mwangaluka. Mbona machafu? Hili ni ghala au jalala? Kaoshe."

Wakaenda kuosha. Wapi tena? Lamboni, kwenye maji ya ng'ombe. Tulijipanga ukingoni tukisugua kwa mchanga na kusuuza, mimi nikiwa mstari wa mbele, maana nilijua jicho litakalonikagua. Jioni kambare wakaanza kuelea, matumbo juu.

Bwana shamba alikuja mbio na baiskeli, kofia kaisahau.

"Nani aliwaambia muoshe?"

"Mimi," akajibu Mayu. "Uchafu hauletwi mbele ya kamati."

Yule kijana akailaza baiskeli chini. Kisha akatueleza taratibu kwamba tulichofanya ni kuihamishia sumu kwenye maji tu, na kwamba dumu la dawa, hata lioshwe namna gani, halifai kuwekea chakula. Ng'ombe wakaswagwa kwenda kunywa mbali, wachungaji wakitusema kwa Kisukuma kisichoandikika, na Mayu akashinda lamboni na fimbo akifukuza ndama wa watu.

Aliporudi ghalani alikuwa na sheria mpya, kali vilevile: safi haliingii. Ukileta dumu linalong'aa, anakuuliza umelioshea wapi, na anakuuliza kwa sauti. Watu walicheka mpaka wakachoka.

Lakini yale maneno kuhusu chakula yalikuwa yamemkaa. Asubuhi moja nilimkuta uani ameshika dumu letu la maziwa, jeupe, kitu safi kuliko vyote kwenye mji wetu. Akayamwaga maziwa yote chini. Mbwa akakimbilia, akamfukuza. Nikamfuata mpaka ghalani, ambako alimkabidhi mwenyekiti wa kamati ufunguo, akaenda kusimama nyuma ya foleni kama mleta madumu mwingine yeyote.

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti akaligeuza lile dumu, akatabasamu.

"Mayu, hili ni safi. Kwa sheria yako haliingii. Lilikuwa na nini?"

"Maziwa," akasema. "Nimewanywesha wajukuu zangu humo."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akaondoka kimya kimya, akarudi na dumu la maji ya kunywa. Mwingine akaleta la togwa. Kumbe kila nyumba ilikuwa na lake, na kila moja lilikuwa limetakata.

Nami nikaenda kuchukua langu la samli, nililokuja nalo kutoka kwetu siku ya kuolewa. Niliporudi, Mayu alikuwa amesharudishiwa ufunguo na yuko kigodani pake. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akachungulia, akanusa, akapitisha kidole ndani ya shingo ya dumu.

"Umeliosha vizuri," akasema.

Nikageuka nikalia palepale, mbele ya kamati nzima. Watu wakadhani nalilia dumu.