Treni ya Ekai na Mlio Uliotupwa

Kuna asubuhi moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na haina uhusiano wowote na treni, lakini nivumilie. Mimi siwezi kufika mahali bila kupita kwingine.

Nilikuwa kijana, taniboi, yaani utingo, wa lori la njia ya Merti. Dereva wetu tulimwita Abti, yaani mjomba, Msomali wa hapa hapa Isiolo ambaye babu yake alikuja na jeshi la Wazungu akaachwa hapa. Alivaa akala, vile viatu vya matairi, na tumbo lake liligusa usukani. Siku hiyo tulipakia mbuzi mpaka lori likajaa pomoni, na juu ya mbuzi wakakaa akina mama, mmoja wao mjamzito. Nikapiga ubavu wa lori, twende. Abti hakuondoka. Alingoja mbuzi watulie, kisha akaliondoa lori taratibu hivi kwamba ukifunga macho hujui limeondoka saa ngapi. Nikanung'unika kwamba anatuchelewesha. Akaniambia kukimbia kila mtu anaweza, yeye dereva humpima anapoondoka. Shule sikukaa sana, lakini hiyo niliishika.

Mtu mwingine aliyesema vile nilimpata nikiwa tayari nina mvi. Ekai, Mturkana wa Ngaremara, rafiki yangu wa chai. Miaka yake yote ya nguvu aliendesha treni za mvuke huko chini, maana hapa kwetu reli haijafika, tunaahidiwa tu. Siku hizi anatembea na fimbo, na macho yameingia ukungu.

Ekai alikuwa na treni ndogo. Injini ya urefu wa mkono kutoka kiwiko, inakimbia kwenye reli zake juu ya meza, stima, yaani umeme, ikipitia kwenye hizo reli. Usicheke. Watu walicheka, wakasema mzee amerudi utotoni, na mimi nikawaona wajinga, kwa sababu hawakuuliza.

Zamani kila dereva wa treni alikuwa na namna yake ya kuvuta honi akikaribia kwake. Ya Ekai ilikuwa ndefu, halafu fupi, halafu ndefu tena inayolegea mwishoni, kama mtu aliyechoka anayejishusha kwenye kiti. Mkewe Nakiru akiisikia aliweka maji ya ugali motoni. Nyumba zote za reli wanawake waliishi hivyo, kila mmoja na honi yake, na aliyekosea alichekwa wiki nzima. Sasa msaidizi wa Ekai kwenye injini aliurekodi ule mlio kwa kaseti. Miaka ikapita, mtoto wa huyo msaidizi, anayekaa ng'ambo, akautoa kwenye kaseti akautia ndani ya treni ndogo, kwenye bodi yake, kile kibao cha stima, akamletea mzee zawadi. Msaidizi amekufa. Nakiru amekufa. Kaseti ilioza. Mlio ukabaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile treni, na Ekai aliubonyeza kila jioni.

Halafu treni ikaanza kushtuka. Unafungua stima, inakaa, inakaa, kisha inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa. Ekai aliona aibu nayo. Alisema yeye hajawahi kuondoa behewa kwa kishindo, hata akiwa na homa.

Tukaipeleka kwa Guyo, fundi wa simu karibu na tunapokunywa chai. Kijana ana mikono mizuri, hilo siwezi kumnyima. Akaifungua mbele yetu, akatueleza kwamba ile bodi ya zamani inaimwagia mota stima tu bila kujua mota inafanya nini. Bodi mpya, alisema, inasikiliza mota inavyozunguka, inaiongezea kidogo, inaipunguzia kidogo. Na alisema kwa mdomo wake, mimi nikiwa hapo, kwamba mpya inaweza kuishika mota na ya zamani ikabaki na kazi ya sauti.

"Miguu tengeneza," Ekai akamwambia. "Mdomo uache."

"Sawa mzee, wewe usijali."

Mtu akikuambia usijali, mwanangu, hapo ndipo uanze kujali. Lakini tuliondoka.

Bodi ikaletwa kutoka Nairobi, Guyo akatuita. Alikuwa ametandika reli kwenye kaunta, na wateja wa simu wamejaa kuangalia. Treni ikaondoka. Aisee, iliondoka! Ilitambaa hata huoni gurudumu likianza. Ekai alikuwa ameweka kidole ubavuni mwa treni, anaifuata kwa kidole, na uso wake ukafunguka nikaona alivyokuwa kijana.

Kisha Guyo akabonyeza honi.

Ikatoka sauti kubwa, safi, ya treni ya nchi nyingine kabisa. Wateja wakapiga makofi.

"Hiyo ni ya nani?" Ekai akauliza.

"Ni ya kisasa, mzee. Nimeitoa kwa mtandao. Ile yako ilikuwa imechoka, huko mwisho inaanguka anguka. Hata spika nimekuwekea mpya."

"Na bodi yangu?"

Guyo akacheka kidogo, akasema watu wa vyuma kuukuu walipita, akawapa pamoja na takataka zingine. Na hao sote tunajua huchoma kila kitu wapate shaba.

Hapo nililipuka. Nilimwambia yale yote ambayo mtu wa rika langu hapaswi kumwambia kijana mbele za watu. Na unajua alinijibu nini? Eti si amemfanyia mzee hisani, sauti hajamlipisha. Na mama mmoja pale, simu mkononi, akasema wazee siku hizi hawana shukrani. Shukrani! Mtu achukue sauti iliyokuwa ikimwita mke wako jikoni, aone ni ubovu, aitupe, akuwekee ya wageni, na wewe useme asante?

Sikia, mwanangu, wewe unayejifunza ufundi, au udaktari, au ualimu, yote ni mamoja. Ukipewa kitu cha mtu, tengeneza ulichoambiwa, ukome hapo. Ukiona kasoro nyingine usiiguse mpaka umuulize mwenyewe, kwa sababu wewe hujui kama ni kasoro. Na chochote utakachong'oa, hata kama kimeungua, mrudishie mkononi. Akitupe yeye. Mungu akupe mikono kama ya Guyo, akupe na adabu ya kuuliza, na asiwepo mzee atakayejuta kukufungulia mfuko wake.

Mimi nikiwa bado napayuka pale dukani, Ekai alipapasa kaunta akaipata fimbo yake. Guyo akamwita, "Mzee, treni yako." Hakugeuka. Alifuata ukuta wa duka kwa mkono mpaka barabarani, akangoja pikipiki zipite, akavuka kuelekea upande wa Ngaremara. Treni iko pale kwenye kaunta, Guyo huifuta vumbi. Ekai hajarudi kuichukua.