Port ya Mama: kutoka kifuani pake mpaka kaunta yangu ya simu

Wakuu, amani kwenu. Mliozoea kuniona humu nikibishana na vijana kuhusu betri, leo wekeni ubishi pembeni. Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Ni maisha yangu mwenyewe, na nimeandika huku nikifuta kamasi.

Mimi ni dada wa Kipemba, naishi Barking, huku ughaibuni, nafanya kazi duka la simu pale Stratford. Kuna neno nalitamka kuliko jina langu: port.

Simu haichaji? Port imejaa vumbi. Unahamia mtandao mwingine na unataka namba yako ileile? Tunai-port. Bado hujataja passport na airport. Upande wa kushoto wa meli nao ni port, na hawa wenyeji wetu wana hadi mvinyo wa jina hilo. Neno la mabaharia, wamelivuta kila upande mpaka basi.

Mama yangu, Bi Asha, alizaliwa Wete. Yeye port alikuwa anajua moja tu, bandari.

Mpaka alipopata saratani ya utumbo.

Hospitali wakamwekea port kifuani. Ni kidude kidogo kinakaa chini ya ngozi, dawa ya chemo inapitia humo ili wasimtoboe mishipa kila mara. Mama alicheka siku ile. "Hebu niangalie, nshakuwa na bandari kifuani! Kila atakayenitembelea namtoza ushuru."

Mkalimani wake nilikuwa mimi. Wale wa hospitali aliwakataa, hataki mtu baki ajue habari za utumbo wake. Mdogo wangu kazaliwa hapahapa, Mama akimsemesha Kiswahili anamjibu "yeah Mum, it's fine". Kwa hiyo kila appointment ni mimi.

Siku moja daktari akasema chemo haisaidii tena. Wanaisimamisha. Port wataitoa, maana haina kazi.

Akanigeukia, anasubiri nitafsiri.

Wakuu, kwetu mgonjwa haambiwi hivyo. Lile la haisaidii nikaliruka. Nikasema, "Mama, wanasema dawa basi. Port wanaitoa."

Mama akasema Alhamdulillah, akasimama, akampa daktari mkono. Daktari akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Walipomtoa ile port, Mama akapiga simu kwa kila anayemjua. "Nshatolewa bandari!" Watu wakapiga vigelegele kwenye simu. Akataka dua ya shukrani nyumbani, na flat za huku mnazijua, viatu vilijaa mpaka kwenye lift. Mimi nakaanga sambusa, machozi yananitoka, nasingizia vitunguu.

Baada ya dua Mama akazunguka, anamshika kila mwanamke mkono. "Tuhalalishiane, shoga'angu. Kama nilikukosea, nisamehe." Maneno ya mtu anayekwenda Hijja. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Aliyekosekana ni mmoja, Bi Zuwena wa Woolwich. Huyu alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana, tangu utoto. Kaka yangu akaja kumposa binti yake, kisha akavunja posa wakati kadi za harusi zimeshagawiwa. Tangu hapo wazazi hawakusemeshana, na baina yao ni mto tu, sisi Barking, yeye ng'ambo Woolwich. Mama alimpigia aje kwenye dua, simu ikalia mpaka ikakatika.

Siku chache baadaye namwona Mama dukani kwetu. Kapanga foleni kama mteja! Alipofika kwangu akakaa, akaweka simu yake juu ya kaunta.

"Mwanangu, hii namba i-port. Iwe kwako."

"Kwa nini Mama? Si inafanya kazi?"

"Zuwena ana namba hii tu. Akipiga siku mie sipo, nataka pawe na mtu wa kupokea. Mwambie mie nishamhalalishia."

Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Siku ileile. Kizungu sikijui, lakini uso naujua kuusoma. Mtu aliyepona daktari hamtazami vile. Nawe ulikuwa umeelemewa, nikaona nisikuzidishie."

Nililia mbele ya wateja, manager akanambia take a break. Mama ndiye aliyenifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Niliumia, kumbe sote wawili tulikuwa tunalia jikoni kwa zamu, kila mmoja akimficha mwenziwe.

Namba niliihamisha siku hiyohiyo.

Mama hakumaliza miezi mingi. Tulimwosha mimi na mama wadogo. Nilipofika kwenye kovu la port nikapitisha maji taratibu, kana kwamba bado lingemuuma.

Bi Zuwena msibani hakuja.

Juzi, khitma ya arubaini imeshasomwa, ile namba ya Mama ikaita kwenye simu yangu nikiwa kazini. Kwenye kioo, Zuwena Woolwich. Nikapokea, nikatoa salamu.

Nikasikia mtu anashusha pumzi.

"Nani huyu?"

"Mwanawe, Bi Zuwena."

"Lo, mwanangu. Mie nimepiga kwa kuwa nilijua hapana wa kupokea."

Akaangua kilio. Nikampa ujumbe wa Mama kama nilivyoagizwa, neno kwa neno. Akasema naye amemhalalishia, akasema amechelewa, akarudia amechelewa mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa amechelewa kweli.

Nilichojifunza, mgonjwa wako anajua zaidi ya unavyodhani, basi lieni pamoja muda ungalipo. Na kama kuna mtu umemnunia, mpigie angali anaweza kupokea mwenyewe.

Nyie mnaowatafsiria wazazi hospitali, hasa mlio ughaibuni, mnayasemaje yale maneno? Niambieni, nitasoma yote, hata ya wenye kunilaumu.

Bi Zuwena ameshapiga, kwa hiyo kazi ya ile namba imekwisha. Nimeshindwa kuifunga.