Pampu Iliyojizima Mbele ya Mama

Darasa letu la kilimo pale Kimemi, Butembo, lilinuka risasi ya kuungia nyaya iliyoyeyushwa na udongo mbichi. Udongo ulikuwa wa miche ya kahawa iliyopangwa dirishani. Risasi ilitoka kwenye meza ya mwalimu wetu, Madame Kavira, aliyekuwa akiunga nyaya juu ya kipande cha ubao. Shule haikuweza kununua vifaa vya kufundishia mitambo ya viwandani, kama ile ya kuoshea kahawa, kwa hiyo alitengeneza vyake: betri ya pikipiki, pampu ndogo ya kurushia maji kwenye kioo cha gari, na bidoni, yaani dumu la maji, lenye boya ndani. Maji yakipungua, boya linashuka na pampu inaanza. Yakijaa, linapanda na pampu inazima. Tulipanga foleni ili kila mmoja afungue nyaya zote na kuziunga upya kwa mikono yake. Mwaka ule mimi na mama tulikuwa tumekimbia vita kutoka Ruwenzori, kule Beni, nami nilikuwa nimezoea kukaa nyuma bila kusema neno. Mbele ya ubao ule nilisahau kunyamaza. Niliuliza, nikakosea, nikauliza tena.

Kisha mama akaja shuleni kuniachisha masomo. Shangazi alitaka mtu wa kumsaidia shambani kwake, kijijini Kipese.

"Kulima, mimi mwenyewe nitamufundisha," alimwambia mwalimu. "Hapana lazima ya shule."

Madame Kavira hakubishana. Alinigeukia. "Masika, onyesha mama yako."

Niliunga nyaya, pampu ikanguruma, maji yakapanda, yakapita alama ya kujaa, yakamwagikia viatu vya mama. Pampu haikuzima. Mwalimu alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Nilichomoa betri, nikafuata nyaya kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, nikakuta waya wa boya nimeubana mahali pasipo pake. Nikaurekebisha, nikapunguza maji, nikawasha. Safari hii yalipofika kwenye alama, pampu ilinyamaza.

Mama aliinama akachungulia ndani ya bidoni. "Nani ameizima?"

"Hakuna mutu, mama. Ni boya."

"Rudia."

Nikarudia. Alisimama pale, viatu vimelowa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Beni. "Donc, basi, shangazi yako atangoja," alisema.

Leo ninafundisha somo hilohilo. Kila wanafunzi wawili wana ubao wao. Vita havijaisha, na bado ninapokea watoto waliokimbia makwao, wanaofika wakiwa kimya kama nilivyokuwa. Lakini sisi tulisubiri zamu. Hawa huanza kuchomoa nyaya kabla sijamaliza kuita majina, na kelele zao siwaambii wazipunguze.